Bibi wa Torsvall

Kabiro nzima, hapa Kawangware, inajua kwamba Wakarima wa Muiruri hanywi chai akiwa ameketi. Huinywa amesimama mlangoni, kikombe mkono mmoja, simu mkono wa pili, macho barabarani. Wapangaji wake, walio kwenye vyumba vya mabati alivyoachiwa na marehemu baba yake, wamezoea kumsikia akifagia uwanja ambao mwingine ameshaufagia. Ni mwanamke wa miaka arobaini na minne, mwenye ploti yake na afya yake, na mtu angedhani ana kila sababu ya kutulia. Lakini yeye na kiti hawajawahi kuelewana, na wiki ile ya mwezi wa pili mambo yalizidi. Wageni walikuwa wanakuja kutoka Torsvall, na walikuwa wanakuja kuumaliza undugu.

Torsvall ni mji mdogo wa Uswidi, una kiwanda cha mbao, kanisa moja kubwa na baridi ya kukausha masikio. Zamani kidogo, miji ya huko ilipopata hamu ya kutafuta ndugu Afrika, Torsvall nayo ilitafuta wake, ikaishia kupewa Kawangware na Kibera kwa mpigo. Nani aliyechagua, na kwa nini hakuchagua mtaa wenye lami, hakuna anayekumbuka tena. Undugu huo ulizaa darasa la ushonaji kule Soweto East ya Kibera, chumba cha vitabu hapa Kongo ya Kawangware, tangi la maji, na wanafunzi wa kubadilishana. Wa kwetu walirudi na makoti mazito yasiyo na kazi Nairobi, wa kwao walirudi wamesukwa nywele na wanalia uwanja wa ndege. Wenyeviti wa kamati ya undugu walikuja na kuondoka. Wengine walihama, wengine waligombea udiwani wakashindwa wakanuna. Katibu hakubadilika. Tangu siku ya kwanza alikuwa Wakarima.

Ili mtu aelewe kwa nini alihangaika namna ile, ni lazima aambiwe habari ya bega.

Siku ya kutia saini, mwaka 2004, sherehe ilifanyiwa nyumbani kwa Muiruri, baba yake Wakarima, kwa sababu uwanja wake ndio ulioweza kubeba hema. Meya wa Torsvall, mzee mrefu mwenye adabu za kupitiliza, alisikia kwamba mbuzi angechinjwa kwa ajili yake akaona haya. Akaomba amnunue yeye. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Kwa Wakikuyu, mbuzi wa sherehe katika boma lenye binti huletwa na upande wa bwana, na upande huo peke yake. Wazee wa Kabiro wakatazamana. Mzee Kagiri, mwenye ploti jirani na rafiki mkubwa wa Muiruri, ambaye hajawahi kupita karibu na mzaha bila kuuokota, akasema kwamba maadamu mgeni ameleta mbuzi, mambo yafuate njia yake na bega likatwe.

Bega hilo, kiande, ndilo linalofunga ndoa ya Kikuyu. Nani ashike nyama na nani ashike kisu, hata wazee hubishana, lakini likishakatwa mbele ya watu habari imekwisha, na kanisani mnaenda kama nyongeza. Basi likatafutwa jina la bibi. Wake za watu hawakutaka kuishika nyama ile hata kwa utani. Aliyekuwa karibu, binti wa boma lenyewe, hajaolewa, amesimama na maikrofoni kwa kuwa ndiye mkalimani, alikuwa Wakarima. Alikuwa na miaka ishirini na tatu na alikuwa akicheka. Akashikishwa bega. Meya akakata, mke wa meya akapiga picha, wanawake wakapiga vigelegele mpaka hema likatikisika. Mzungu wa watu alidhani ni kama kukata keki. Na kwa kuwa mke wake alikuwa pale pale ameshika kamera, watu wakaamua kwamba ndoa si ya meya, ni ya mji mzima. Tangu siku hiyo Wakarima akawa bibi wa Torsvall.

Mzaha ungekufa baada ya mwezi mmoja mambo yangekuwa sawa. Haukufa, kwa sababu kila mtu aliuona una kazi. Safari za kwenda Torsvall zilipotokea, Mzee Kagiri alisema bibi haendi mwenyewe, huja kuchukuliwa, watu wakacheka, na kiti cha ndege akapewa mwalimu. Wakarima alicheka nao. Alikuwa amenunua sanduku la safari, na mpaka leo liko chini ya kitanda limejaa blanketi. Kwa njia ya simu aliijua Torsvall kuliko anavyoijua Nakuru. Alijua duka la mkate liko mkono gani ukitoka kanisani, alijua mto unaganda lini, alijua mbwa wa nani amekufa. Wanaume waliompenda walitaniwa kwamba wanamwendea mke wa mtu, na mwanaume anayetaniwa mara nyingi huchoka.

Mmoja hakuchoka upesi. Timothy Muia alikuja Nairobi kutoka Machakos akiwa kijana, akajifunza kuchomelea vyuma, akafungua kibanda Soweto East, akaingia kwenye kamati upande wa Kibera. Mabango yote ya undugu, yale ya rangi ya buluu yenye majina ya miji mitatu, ni kazi ya mkono wake. Miaka michache baada ya bega kukatwa, alikuja kwa Muiruri na wajomba zake wawili na mbuzi watatu kwenye pikapu. Kwa Wakamba hao watatu ndio wa mwanzo na ndio wenye uzito. Wakishapokelewa, binti ni wenu, mengine mtamalizia polepole.

Muiruri aliwapa chai. Aliwapa na mkate. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayechangamsha wageni, kwamba mikono yake imefungwa, msichana huyu ameshakatiwa kiande na Torsvall, na itabidi kwanza awaulize wenyewe watasemaje. Wazee wa Kabiro walicheka hadi wakashika mbavu. Wajomba wa Muia hawakujua kama wameambiwa ndiyo au hapana, mpaka walipoona chai imekwisha na hakuna aliyekwenda kuwashusha mbuzi. Ukweli ni kwamba Muiruri hakutaka kumwoza binti yake kwa fundi asiye na hata futi moja ya ardhi Nairobi, na mzaha ulimsaidia kulisema hilo bila kulitamka. Wakarima alikuwa jikoni, ukuta mmoja wa mabati katikati, na alisikia kila neno. Alisimama na sufuria mkononi akingoja baba yake amwite aulizwe. Hakuitwa, naye hakutoka. Alisikia pikapu ikiwashwa, na mbuzi wakilia kuelekea barabara ya Naivasha.

Muia alioa mwaka uliofuata. Akapata binti, Mutanu, na mke wake akafariki wakati wa korona. Yote hayo Wakarima aliyajua kwa karibu, kwa sababu kila mwezi walikutana kwenye kamati wakaulizana habari za mabango.

Sasa Torsvall ilikuwa inaondoka. Habari ilifika kwenye mkutano wa video, kamati nzima ikiwa imebanana mbele ya kompyuta moja katika chumba cha vitabu cha Kongo. Meya wa zamani alishafariki. Aliyezungumza alikuwa mwanamke kijana aitwaye Hanna, mpya katika ofisi ya mji, mwenye sauti ya upole. Alisema mji umezeeka, vijana wamehamia miji mikubwa, wazee wanaoishi peke yao wanahitaji kuhudumiwa, na baraza limepiga kura. Hawakutaka kumaliza kwa simu, alisema. Wangekuja watu wawili kuaga kwa heshima. Wakarima akasimama akaanza kupanga viti ukutani, na Hanna alikuwa bado anazungumza.

Kuanzia hapo hakulala vizuri. Alipika ugali akausahau ukashika sufuria. Alipiga simu kwa mdogo wake Tabby, aliyeolewa Kinoo, asubuhi, mchana na jioni, mpaka Tabby akamuuliza kama hiyo Torsvall inamdai figo.

"Si upumzike sasa, sister," Tabby alimwambia. "Umewatumikia miaka yote hii. Wacha waende."

Wakarima alisema Tabby haelewi, akakata simu, halafu akasimama mlangoni akijaribu kuelewa yeye mwenyewe. Alichojua ni kwamba akitembea Kabiro watu humwita bibi wa Torsvall, na neno hilo lilijibu maswali yote. Kwa nini hukuolewa, kwa nini huna mtoto, kwa nini hutulii popote, jibu lilikuwa moja. Torsvall ikiondoka, swali litabaki palepale na jibu halipo. Jambo hilo lilimtia hofu kubwa, hofu ya kumwamsha na kumfanya afagie.

Akapanga njama. Wageni wangefika Ijumaa, wangepelekwa kwanza Soweto East kuona darasa la ushonaji. Wangewakuta wasichana kwenye mashine, mashine zote zikinguruma, na waliohitimu zamani wangekuja na watoto wao mgongoni kutoa ushuhuda. Mmoja wawili walie ikiwezekana. Hanna alionekana mtu wa huruma, na mtu wa huruma hafungi kitu kama hicho akiwa anakitazama.

Alhamisi alikwenda kumweleza Muia, kwa miguu, kwa sababu kukaa ndani ya gari kungemshinda. Alimkuta kwenye kibanda chake, nyuma ya zile gorofa mpya za serikali, akichomelea geti. Muia alimwona, akazima mashine, akapandisha kichwani ngao ya uso. Mvi zilikuwa zimeanza juu ya masikio.

Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema darasa halitakufa. Yeye na wale akina mama wa kushona walikuwa wameshaongea na shule kadhaa za karibu, watashona sare zao, na kodi ya chumba itatoka humo. Walianza kuongea tangu mwaka jana. Hawakumwambia kwa sababu walimwona anavyohangaika wakaona watamvunja moyo.

Wakarima aliposikia hivyo alipatwa na hasira, na ilimshangaza, kwa kuwa habari ilikuwa njema.

"Kwa hivyo hamwahitaji," alisema.

"Tuliwahitaji sana. Sasa tutawaambia asante." Muia alifuta mikono kwenye ovaroli. "Wewe ndio sijui unataka wabaki wakufanyie nini."

Hapo Wakarima alifanya alichozoea kufanya. Alicheka, akasema yeye hawezi kuachwa ovyo ovyo, yeye ni bibi ya watu, bega lilikatwa mbele ya mashahidi. Kawangware yote ingecheka. Muia hakucheka. Alimtazama, si kwa ukali.

"Mimi sikuwahi kungoja Torsvall ikuache," alisema. "Ile siku nilikuwa nangoja utoke jikoni."

Akashusha ngao, akawasha mashine. Mwanga ule hauangaliwi kwa macho matupu, kwa hiyo Wakarima aligeuza uso akasimama akitazama ukuta wa gorofa na nguo zilizoanikwa. Alisimama hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Baadaye alirudi Kabiro bila kukumbuka alipita wapi.

Ijumaa ilikwenda kama alivyopanga, na haikusaidia. Mashine zilinguruma. Mama mmoja alilia, tena machozi ya kweli. Hanna, ambaye alikuwa mdogo kuliko alivyoonekana kwenye video, aliwashika mikono wote, akauliza maswali ya maana kuhusu sare za shule, akafurahi kusikia kwamba darasa litajitegemea. Hicho ndicho walichotaka tangu mwanzo, alisema, na mwenzake, mzee wa kanisa aliyenyamaza safari nzima, akaitikia kwa kichwa. Wakarima alitafsiri maneno hayo kwa akina mama, akina mama wakapiga makofi. Alijisikia kama mtu aliyekuja na mwavuli siku ambayo haikunyesha.

Jumamosi ilikuwa siku ya kuagana, nyumbani kwake, uwanja ule ule. Hema lilikuwa dogo safari hii. Tabby alikuja mapema na sufuria zake akachukua jikoni. Wanakamati walifika, majirani walifika, wapangaji walijisogeza na viti vyao. Muia hakuja. Tangu mbuzi wake waliporudi na pikapu, Muia hajawahi kula nyama katika boma lile. Huja mikutanoni, huomba maji, hunywa, huondoka. Wakarima alilijua hilo miaka yote na hata hivyo alitazama geti kila lilipolia.

Kilichokuja kupitia geti hilo ni Mzee Kagiri na mbuzi wa pili. Wa kwanza alishachinjwa tangu asubuhi. Huyu alikuwa mzima, dume mweupe mwenye doa jeusi shingoni, amenunuliwa sokoni Dagoretti, na Mzee Kagiri alimfunga kwenye mguu wa stendi ya tangi akaketi bila kumweleza mtu. Mzee ana miaka karibu themanini sasa, goti moja halikunji, lakini akiwa na jambo moyoni uso wake unanenepa. Watu walimwona wakajua kuna kitu.

Walikula. Hotuba zikasomwa. Hanna akakabidhi picha kubwa ya mto wa Torsvall ulioganda, ikapigiwa makofi. Kisha Mzee Kagiri akasimama, akasema amezaliwa hapa kabla barabara haijafika, na yeye ndiye aliyesema bega likatwe. Wenye umri walianza kucheka papo hapo. Akasema wageni hawawezi kuondoka tu kama mpangaji anayehama. Mji huu ulioa. Kwa desturi, mtu akimwacha bibi, mbuzi wake hurudishwa, na akamnyooshea kidole yule dume kwenye tangi.

"Muulize," alimwambia Wakarima. "Wanakuacha ama wanakuchukua? Tujue, turudishe mbuzi."

Kicheko kilikuwa kikubwa. Hanna naye alitabasamu, akingoja kuambiwa kinachochekesha. Maikrofoni ilikuwa mkononi mwa Wakarima, kama siku ile. Angeweza kumwambia Hanna kwamba mzee anawatakia safari njema. Amekuwa mkalimani miaka mingi na ameshaokoa wengi kwa njia hiyo, wakiwemo madiwani. Lakini usiku kucha alikuwa akisikia pikapu ikiwashwa, na alikuwa amechoka, amechoka vibaya sana. Akatafsiri yote. Alieleza mbuzi aliyenunuliwa na meya. Alieleza bega na maana yake, alieleza nani alilishika, na jina aliloitwa tangu siku hiyo, na safari ambazo hakwenda. Akamalizia na swali lenyewe, neno kwa neno.

Tabasamu la Hanna liliondoka pole pole. Uso ukamwiva. Akaweka sahani chini, kwenye nyasi, akasema kitu kifupi kwa Kiingereza huku akimtazama Wakarima peke yake.

Wakarima alirudisha maikrofoni mdomoni.

"Anasema amesoma faili zote za undugu huu kabla ya kuja," alisema kwenye maikrofoni. "Anasema hakujua kulikuwa na mtu."

"Mtu gani?" aliuliza Mzee Kagiri.

"Mimi," Wakarima akasema.

Kicheko kilichokuwa kimebaki kwenye viti vya nyuma kikazimika. Tabby alitokea mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi. Mzee Kagiri alionekana ghafla mzee kweli. Alisema, bila maikrofoni, kwamba ilikuwa mchezo tu, hata baba yake alijua ni mchezo. Wakarima akamwambia ndiyo, alijua. Kila mtu alijua, hata yeye mwenyewe, aliyekuwa jikoni siku ile ya pikapu. Alilisema hilo bila hasira na hakuwatafsiria wageni.

Hanna akauliza kwa sauti ndogo afanye nini na mbuzi, kwa sababu ndege haitampokea, na kama si makosa angependa Wakarima amchukue. Mzee mmoja akasema haiwezekani, mbuzi wa kurudishwa hapewi bibi. Mwingine akasema kwa kuwa bwana mwenyewe ndiye ametoa, inawezekana. Wa tatu akasema huyu hakuwahi kuwa bwana, ndilo jambo lililokuwa likisemwa sasa hivi, alikuwa amelala? Ulizuka ubishi mtamu wa kizee ambao ungefika jioni, na Mzee Kagiri, kwa kupata kitu cha kusema, akarudiwa na damu usoni.

Wakarima alimkabidhi Tabby maikrofoni. Akaenda kwenye tangi, akafungua kamba, akatoka na mbuzi getini. Wachache waliomwona walidhani anampeleka nyuma kunywa maji.

Kutoka Kabiro hadi Soweto East na mbuzi si safari ya kuchekea. Barabara ya Naivasha ilikuwa imejaa watu wa Jumamosi na mbuzi alitaka kuonja kila fungu la sukuma wiki lililokuwa chini. Muuza mahindi alimuuliza bei. Barabara ya Ngong' magari yalipiga honi, na mbuzi akakataa kabisa kuvuka, Wakarima akamshika miguu ya mbele akamburuta kama toroli. Sokoni Toi walimtania kwa Sheng hata hakuelewa nusu. Kiatu kimoja kilikatika Makina akakitia mkobani na mwenzake. Njia nzima alikuwa na wasiwasi, akijiuliza anafanya nini, na mara mbili akageuka kurudi. Mara zote mbili mbuzi aliendelea mbele, naye akamfuata kwa sababu kamba ilikuwa mkononi mwake.

Jua lilikuwa linashuka alipofika. Muia alikuwa akiingiza mashine ndani ya kibanda. Alimwona Wakarima miguu mitupu, akamwona mbuzi, akatazama nyuma yao kuona kama kuna wazee wanaofuata.

"Wazee wako wapi?"

"Nimewaacha wakibishana."

"Na huyu?"

Wakarima alikuwa amejitungia hotuba tangu Ngong' Road. Ilimpotea yote.

"Wako walirudishwa," alisema. "Huyu nimemleta mimi. Nimetoka jikoni."

Muia alichukua kamba kutoka mkononi mwake, akamfunga mbuzi kwenye geti lile alilokuwa akichomelea, kwa fundo lenye subira nyingi, kama kwamba fundo hilo lingekaguliwa. Alipogeuka macho yake yalikuwa mekundu, na ya mchomeleaji huwa mekundu kila siku, lakini hayo hayakuwa ya mashine.

"Kwetu huwa ni watatu," alisema.

"Hao wawili," Wakarima akamwambia, "tafuta wewe."

Muia akaingia ndani akawasha jiko, akamletea chai kwenye kikombe cha bati. Wakarima akatazama huku na huku, akavuta stuli ya chuma iliyokuwa kando ya geti, akainywa ameketi, ingawa mguu mmoja uliendelea kutikisika.